Madaha Angani: Kuutazama Tena Mchezo wa The High Life

Kazi ya sanaa haipimwi kwa urefu wa maisha yake. Ziko tenzi za beti mia nyingi ambazo hapana azikumbukaye, na uko ubeti mmoja unaozunguka vinywani mwa watu karne nzima. Walakini mhakiki huelekea kuipa kazi fupi hukumu fupi, na ikiwa kazi hiyo ni ya kuchekesha, hukumu yake huwa fupi zaidi. Mchezo wa televisheni wa Uskoti uitwao The High Life wastahili kuokolewa na hukumu ya namna hiyo. Sehemu yake ya majaribio ilionyeshwa na BBC Januari 1994, sehemu sita zikafuata katika Januari na Februari 1995, kisha ukanyamaza. Jumla yake, toka mwanzo hata mwisho, ni kama saa tatu na nusu. Mtu aweza kuutazama wote kati ya adhuhuri na magharibi, na akabakiwa na nafasi ya kunywa chai.

Kwamba mchezo huu wachekesha, hilo halina mshindani. Lenye mjadala ni kama nyuma ya kicheko kuna fikira, au kicheko ndicho chote. Makala haya yashikilia kuwa fikira ipo, na kwamba imekaa pale pale ambapo mtazamaji mwepesi huona upuuzi mtupu, yaani katika madaha yake.

Yafaa kwanza kueleza mchezo wenyewe. Waandishi wake ndio wachezaji wake wakuu, Alan Cumming na Forbes Masson. Mambo yatokea katika shirika la ndege la kubuniwa, Air Scotia, lenye makao katika uwanja wa Prestwick, pwani ya magharibi ya Uskoti. Cumming ni Sebastian Flight, mhudumu wa ndege mwenye kujipenda, mwenye ulimi mkali, na nywele zilizotengenezwa kana kwamba upepo haukuumbwa. Masson ni Steve McCracken, mwenzake kazini na sahibu yake, mtu wa moyo laini na wa matumaini yasiyokwisha. Juu yao yuko Shona Spurtle, mkuu wa wahudumu, achezwaye na Siobhan Redmond. Naye hutawala ndege kwa macho. Mbele kabisa, katika chumba cha kurushia ndege, yuko Kapteni Hilary Duff, achezwaye na Patrick Ryecart, ambaye akili yake hupaa mapema kuliko ndege yake. Kila sehemu hufunguliwa kwa wimbo na ngoma, na hiyo ngoma ndiyo ufunguo wa yote yafuatayo.

Majina haya yamechezewa kwa makusudi. Sebastian Flight amwitikia Sebastian Flyte, kijana wa kabaila wa Kiingereza katika riwaya ya Evelyn Waugh ya mwaka 1945, Brideshead Revisited. Ila tahajia imebadilishwa, na ukoo wa kifahari umegeuka kuwa safari ya ndege. Yule wa Waugh ana jumba la mababu. Huyu wa Prestwick ana kigari cha chakula. Spurtle nalo ni jina la kijiti ambacho Waskoti hukorogea uji. Hapa lugha ya Kiswahili yatoa faida ambayo hata watungaji wenyewe hawakuwa nayo, maana chombo cha kukorogea chetu ni mwiko, na mwiko pia ni jambo lililokatazwa. Hapana tafsiri iliyo bora kwa Shona: yeye ni mwiko kwa maana zote mbili, chombo cha jikoni cha nyumba ya Kiskoti na sauti ya makatazo yake.

Kuwekwa kwa mchezo Prestwick pia kwazidisha maana. Kwa miaka mingi uwanja huo ulikuwa ndio pekee katika Uskoti ulioruhusiwa kupokea ndege zivukazo bahari ya Atlantiki. Elvis Presley aliteremka hapo Machi 1960, alipokuwa akirudi Marekani kutoka jeshini Ujerumani. Mwaka 1990 ruhusa hiyo ya pekee iliondolewa, mashirika yakahamia Glasgow, na Prestwick ukabaki na njia ndefu za ndege pasipo ndege za kutosha. Hali yake ilizidi kudidimia hata mwaka 2013 serikali ya Uskoti ikaununua kwa pauni moja tu. Kadhalika shirika la British Caledonian, ambalo wahudumu wake walivaa nguo za mirabamiraba ya Kiskoti, lilikwisha kumezwa na British Airways kati ya mwaka 1987 na 1988. Basi Air Scotia ilipojitokeza katika televisheni, Uskoti ulikuwa umepoteza shirika lake kubwa la sare za miraba, na uwanja wake wa fahari ulikuwa umehamwa na wageni wake. Sebastian na Steve wanacheza ngoma mlangoni pa nyumba ambayo harusi imeondoka. Mchezo hauombolezi hilo wala hausimulii. Lakini ajuaye habari za uwanja husikia mwangwi chini ya wimbo.

Kazi ya mhudumu wa ndege yenyewe ni sanaa ya jukwaani. Mwaka 1983 mwanachuo wa elimu ya jamii wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu, The Managed Heart, alimochunguza wahudumu wa shirika la Delta, akaonyesha kuwa kinachouzwa nao si chai na mito tu bali pia hisia zao: tabasamu ni sehemu ya mshahara, na mwenye kukunja uso ameharibu bidhaa ya tajiri wake. Ujia wa ndege, basi, ni jukwaa jembamba. Abiria ni hadhira iliyofungwa mikanda. Na yale maonyesho ya usalama, mikono ikielekezwa kwenye milango kwa pamoja, ni ngoma isiyo na wimbo. The High Life iliutia wimbo. Kile ambacho wahudumu hufanya kwa kulazimishwa, Sebastian na mwenzake wakifanya kwa ziada, mpaka tabasamu la kazini lageuka kuwa tabasamu lao wenyewe. Mtumishi aliyeamriwa kutabasamu na akatabasamu kupita kiasi amekwisha kutoka mkononi mwa aliyeamuru.

Hapa ndipo lilipo jambo la madaha. Waingereza wana jina la pekee la tabia hii ya sanaa; Susan Sontag aliifanyia insha mashuhuri mwaka 1964, akaieleza kuwa ni kupenda kilichozidi na kilichotiwa chumvi, na kuutazama ulimwengu kana kwamba kila kitu kimo katika alama za kunukulia. Kiswahili hakina neno lilingananalo nalo sawasawa, lakini madaha, pamoja na mikogo na mbwembwe, yakaribia. Mwenye madaha hatembei tu, huonyesha kutembea. Hasemi tu, huonyesha kusema. Sebastian anapovuta kwa urefu ule usemi wake wa masikitiko, mtazamaji hasikii masikitiko. Asikia mtu aliyechagua masikitiko kama achaguavyo tai ya shingoni.

Katika televisheni ya Uingereza madaha ya wanaume yalikuwa na historia ndefu kabla ya mwaka 1994. Mfano ujulikanao zaidi ni John Inman katika Are You Being Served?, mchezo wa duka la nguo ulioonyeshwa tangu 1972 hata 1985. Inman alipendwa sana, na ustadi wake hauna shaka. Walakini katika duka lile mwenendo wake ndio uliokuwa kichekesho: aingia, apunga mkono, na wengine wote, wenye mwenendo wa kawaida, wamtazama. Mzani wa mchezo uliwekwa upande wa watazamao. The High Life iliupindua mzani huo. Katika ndege ya Air Scotia hapana mtu wa kawaida. Rubani ana wazimu wake, mkuu wa wahudumu ana wake, na Steve, asiye na mikogo ya Sebastian, acheza ngoma ile ile kwa hatua zile zile. Sebastian hachekwi kwa kuwa na madaha. Achekwa kwa ubatili wake, kwa uvivu wake, na kwa kujiona, makosa ambayo kila mwanadamu ana fungu lake. Tena mara nyingi zaidi ndiye achekaye.

Jambo hilo lilikuwa na uzito kwa wakati wake. Katika Uingereza na Wales sheria iliyowaadhibu wanaume wapendao wanaume wenzao ililegezwa mwaka 1967. Uskoti ulingoja hata 1980. Mwaka 1988 bunge la London lilipitisha kifungu kilichozikataza serikali za mitaa kuyatangaza mapenzi ya namna hiyo, na shule zikaogopa hata kuyataja; katika Uskoti kifungu hicho hakikufutwa mpaka mwaka 2000. Kifungu hakikuihusu televisheni, lakini kiliigusa hewa ambayo kila mtu aliivuta. Katika hewa hiyo walitokea wahudumu wawili katika mchezo wa BBC, mmoja amejaa madaha kutoka utosini hata viatuni, na hapana anayemwonea haya, hapana anayemhurumia, hapana anayetaka kumponya. Mchezo hautaji neno. Ni fumbo, na wahenga wamesema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua.

Yawezekana kuuliza kama kufumba huko hakukuwa woga. Swali hilo ni la haki. Wasomaji wa leo, ambao wamezoea kazi zisemazo mambo haya waziwazi, huenda wakaona kuwa Sebastian alipewa mikogo yote bila kupewa moyo. Kwamba aliruhusiwa kuonekana kwa sharti asipende. Ukweli wa lawama hiyo haufutiki. Lakini upande wa pili una lake. Mtu asemaye waziwazi mbele ya mahakama amekwisha kukubali kuwa mahakama ina haki ya kumwuliza. Sebastian hakuulizwa, na hakujibu. Alipita ujiani na kigari chake kama mtu mwenye nyumba.

Kilichofanywa kwa mwenendo wa kiume kilifanywa pia kwa Uskoti wenyewe, na hapo ndipo fikira ya mchezo ilipokamilika. Wahakiki wa Kiskoti kwa muda mrefu wamezichukia picha za nchi yao zilizojaa nguo za miraba, ukungu, na wanakijiji wema. Kitabu kilichohaririwa na Colin McArthur mwaka 1982, Scotch Reels, kilizishitaki filamu na televisheni kwa kuwafunga Waskoti ndani ya picha hizo. Shitaka lilikuwa kweli. Dawa iliyofuatwa na wengi ilikuwa ukali wa uhalisi: viwanda vilivyofungwa, ulevi, mvua. The High Life ilichagua njia ya tatu. Haikuivua nguo ya miraba, wala haikuiheshimu. Iliivaa kama vazi la jukwaani. Na kwa kufanya hivyo ilikuwa karibu na historia kuliko wenye kuiheshimu. Vazi la nyanda za juu lilipigwa marufuku na sheria ya mwaka 1746, likaruhusiwa tena mwaka 1782, na mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, Walter Scott ndiye aliyeyapanga maonyesho ya miraba ambayo yaliufanya mji mzima kuwa jukwaa. Miraba ilikuwa mchezo tangu hapo. Sebastian na Steve waliurudisha tu mahali pake.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kufundishwa jambo hili. Katika ngoma ya beni ya Mombasa, baada ya vita vikuu vya kwanza, miongoni mwa makundi yaliyoshindana palikuwa na Kingi na Scotchi, na Scotchi waliandamana katika sare za Kiskoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliyachunguza mashindano hayo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Wako waliodhani kuwa waigizaji wa beni walikuwa watumwa wa sare walizoziiga. Lakini anayevaa sare ya mtawala kwa ngoma, akaipigia hatua zake mwenyewe, akaitumia kumshinda jirani yake wa mtaa wa pili, ameichukua sare na kuiacha amri. Baina ya beni na Air Scotia kuna tofauti nyingi, na hapana uhusiano wa asili. Ulioko ni ujanja mmoja, wa kuivaa heshima ya mwingine kwa ziada mpaka ibaki kitambaa.

Lugha ya mchezo yafuata njia hiyo hiyo. Cumming na Masson walikutana katika chuo cha sanaa za jukwaani cha Glasgow, nao walipata jina kwanza kama Victor na Barry, waigizaji wawili wa kubuniwa wa Kelvinside, mtaa wa Glasgow wenye sifa ya matamshi yaliyopigwa pasi. Matamshi hayo ni madaha ya ulimi: Mskoti ajaribuye kusema kama bwana wa London bila kuacha kuwa Mskoti, na vokali zikateseka katikati. Sebastian alirithi vokali hizo. Lakini majina ya sehemu za mchezo yalichukuliwa upande wa pili kabisa, katika Kiskoti cha mtaani: Feart, yaani mwenye hofu, Birl, yaani kuzunguka, Winch, yaani kuchumbiana, Dug, yaani mbwa. Mtazamaji wa London hakufasiriwa. Katika shirika kubwa la utangazaji, ambamo lugha ya watu wadogo kwa kawaida huingizwa kwa kuombewa radhi, watungaji waliiweka mlangoni kama jina la nyumba na kumwachia mgeni kazi ya kuuliza. Hilo lilikuwa mwaka 1995, miaka miwili kabla ya kura ya 1997 iliyouleta Uskoti bunge lake, na miaka minne kabla ya bunge hilo kukaa. Kicheko hakikuleta bunge. Lakini watu wanaojicheka bila kuona haya wamekwisha kujiona kuwa ni watu.

Mapungufu ya kazi hii yasifichwe. Visa vyake ni vyembamba, na mara nyingine hadithi huachwa hewani mradi mzaha umefika. Shona Spurtle amechorwa kwa kalamu ya zamani: mwanamke mwenye mamlaka amefanywa zimwi, na kama si wepesi wa Redmond, ambaye hutia katika uzimwi huo furaha ya siri, mhusika huyo angekuwa tusi. Walakini mchezo huu umelindwa na jambo moja: wachekeshaji wake walijicheka wao na watu wao. Kinyume chake kinaonekana katika Come Fly with Me, mchezo wa uwanja wa ndege ulioonyeshwa na BBC mwaka 2010 na 2011, ambamo Matt Lucas na David Walliams walijipaka rangi nyusoni ili kuiga watu wa makabila mengine. Kazi hiyo ilikuwa na fedha zaidi na watazamaji wengi zaidi, lakini ucheshi wake wanuka kadiri miaka ipitavyo. Aliye karibu zaidi na Air Scotia ni Mhispania Pedro Almodóvar, ambaye katika filamu ya mwaka 2013, Los amantes pasajeros, aliwatia wahudumu watatu wenye madaha ndani ya ndege izungukayo bila pa kutua, wakati nchi yake ikizama katika dhiki ya uchumi. Naye aliona kuwa taifa zima laweza kuingia katika ujia wa ndege.

Hapakuwa na mfululizo wa pili. Mwaka huo huo wa 1995 Cumming alionekana katika filamu ya James Bond, GoldenEye, na mwaka 1998 alituzwa New York kwa kumcheza mshereheshaji katika Cabaret. Yafaa kukumbuka kuwa alianza kumcheza mshereheshaji huyo London mwezi Desemba 1993, yaani wiki chache kabla ya Sebastian kuonekana mara ya kwanza. Msanii mmoja, katika baridi moja, alitumia silaha moja kwa kazi mbili: katika Cabaret madaha ni pazia linalofunika kaburi, na katika The High Life ni pazia linalofunguliwa ili mwanga uingie. Wenye kuiheshimu ya kwanza na kuidharau ya pili hawajaeleza tofauti ya ustadi. Wameeleza tu kuwa wao huheshimu huzuni kuliko furaha.

Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa Sebastian, Steve na wenzao wangerudi mwaka 2026, safari hii jukwaani na katika mchezo wa nyimbo, mikononi mwa tamthilia ya taifa ya Uskoti. Taasisi kama hiyo haikuwako mwaka 1995. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema atatunzwa lini. Wahudumu wa Air Scotia walichezea kwao, kwa lugha ya kwao, juu ya uwanja uliohamwa na ndege zake, na tuzo ilichukua miaka thelathini kuwafikia. Ilipofika iliwakuta na sare zao, na hatua za ngoma bado wanazijua.